Gari la Marehemu: Kabla ya Kuliuza au Kulifungua

Matanga yakishaanuliwa, habari ya gari huanza kusemwa chinichini. Nyumba ina wanaoishi ndani, shamba lina mipaka yake, lakini ile Peugeot 504 iliyoegeshwa chini ya mwembe hakuna anayejua ifanywe nini. Mmoja anasema iuzwe, pesa zigawanywe. Mwingine anaona kuiuza ni kumzika mzee mara ya pili. Wa tatu ana rafiki fundi ambaye ameahidi kuifanya mpya kwa bei ya kindugu. Siku si nyingi fundi huyo anafika na spana zake, anashusha injini, anang'oa viti na milango, na hapo ndipo magari mengi ya urithi yanapofia.

Wanaorithi gari la zamani hudhani wana njia mbili, kuuza au kutengeneza. Ninachokiogopa mimi ni njia ya tatu ambayo hakuna anayeichagua lakini wengi huishia nayo: gari lililofunguliwa likaachwa. Nati zimo kwenye makopo ambayo hayakuandikwa kitu, kabureta imeazimwa, kioo cha mbele kimeegemezwa ukutani, pesa zimekwisha na fundi hapokei simu. Gari la namna hiyo halitembei wala haliuziki, isipokuwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu ambao hupima kwa kilo. Lingeuzwa likiwa zima, hata kama haliwaki, lingepata bei ya heshima. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mmoja tu, na ungenisikia kwa huo peke yake ningeridhika: usikubali mtu yeyote alifungue gari hadi ujue ni la nani, limeoza kiasi gani, na nani atalilipia kila mwezi.

La kwanza, ni la nani. Kwa Kenya, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, katika kifungu cha 45 inakataza kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Faini inaweza kuonekana ndogo, lakini kifungu hichohicho kinamfanya aliyeingilia awajibike kwa msimamizi halali kwa kiasi cha mali aliyoigusa. Kijana aliyeuza giaboksi ya babake kabla ya mirathi kufunguliwa amejiwekea deni kwa ndugu zake wote. Jina kwenye logibuku halibadilishwi na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama, hadi hati ya usimamizi wa mirathi ithibitishwe na mahakama, na kwa kawaida uthibitisho huo huombwa baada ya miezi sita tangu hati kutolewa. Kwa familia za Kiislamu zinazopeleka mirathi kwa kadhi, mlango ni mwingine lakini haja ya hati ni ileile. Tanzania nako, kikao cha ukoo hupendekeza msimamizi, mahakama humteua, ndipo mamlaka ya mapato, TRA, ibadilishe jina kwenye kadi ya gari.

Watu hulalamikia miezi hiyo. Mimi naiona ni zawadi. Ni muda ambao sheria inakunyima ruhusa ya kufanya pupa, na kulitunza gari lisiharibike zaidi hakujakatazwa. Lioshe, litie kivuli, liinue kwa jeki na kuliweka juu ya stendi imara ili matairi yasibebe uzito, toa waya za betri. Tafadhali usilifunike kwa turubai la plastiki. Plastiki hushika unyevu wa usiku na kuutunza mchana kutwa juu ya bati, na gari lililofunikwa hivyo huoza kuliko lililoachwa wazi chini ya paa la makuti. Kisha chukua logibuku au kadi, fungua boneti, ulinganishe namba ya chesesi na namba ya injini na zile zilizoandikwa. Mara nyingi injini si ile iliyotoka nayo kiwandani, kwa kuwa mzee aliibadilisha miaka mingi iliyopita bila kuarifu ofisi yoyote. Afadhali uligundue sasa kuliko siku mnunuzi amekaa mbele yako na pesa.

Sasa kuoza, na hapa nitakawia, kwa sababu ndipo uamuzi wenyewe ulipo. Watu hutazama injini kwanza kwa kuwa ndiyo inayonguruma. Injini ni kazi ndogo. Injini ya 504, ile ya petroli ya sentimita za ujazo 1,796 na ile ya 1,971 iliyoifuata, ina silinda za kuchomoa. Silinda zikiisha hutolewa zikaingizwa nyingine pamoja na pistoni zake, bila kupeleka bloku kuchongwa. Kinachoua gari la zamani ni kutu, na kutu haiulizi umaarufu wa gari.

Peugeot 504 haina chesesi ya kutenganisha na bodi. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo vizingiti vya chini ya milango vikioza, si urembo ulioharibika, ni uti wa mgongo. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa laini, ipitishe polepole juu ya vizingiti, pembeni mwa matao ya magurudumu, chini ya kioo cha mbele na kwenye kingo za buti. Pale isiposhika pana puti, na chini ya puti huenda hakuna bati tena. Nyanyua mazulia. Bonyeza sakafu kwa kidole gumba, halafu kwa bisibisi. Ikizama, andika mahali hapo na upige picha.

Land Rover ya zamani, ile ya Series, ni kinyume chake. Sehemu kubwa ya bodi yake ni ya aloi ya alumini na haishiki sumaku, kwa hiyo usitishike. Chesesi yake ni ya chuma, na ndiyo ya kugongagonga kwa nyundo ndogo kuanzia nyuma kwenda mbele. Mlio mkali ni uzima. Mlio mzito uliofifia ni kutu ndani kwa ndani. Angalia pia pale chuma na alumini vinapogusana, maana metali hizo mbili zikikutana na unyevu hulana. Ukuta unaotenga injini na abiria, hasa pale dereva anapoweka miguu, huoza kabla ya sehemu nyingine. Lakini Land Rover ina bahati ambayo 504 haina: Uingereza bado zinatengenezwa chesesi mpya za Series zilizochovywa zinki, na bodi ya zamani inaweza kuhamishiwa juu yake. Ni gharama, ila inawezekana.

Uliza pia gari limeishi wapi. Lililokaa Nakuru au Dodoma kwenye hewa kavu na lililokaa Tanga au Likoni likivuta chumvi ya bahari si gari moja, hata kama yalitoka kiwandani wiki moja. La pwani likague mara mbili, na upate fundi wa bodi mzee, si fundi wa injini, akae chini yake nusu saa. Mlipe kwa ukaguzi huo peke yake, na mwambie tangu mwanzo kwamba kazi yenyewe huenda isiwe yake. Mtu anayetarajia kupewa kazi ya kuchomelea ana sababu ya kuona mashimo mengi, au machache, kulingana na anavyokusoma.

Ukaguzi ukionyesha bodi nzima, ndipo ninapopendekeza jambo ambalo mafundi wengi hawatakuambia kwa sababu halina faida kubwa kwao. Usilitengeneze upya. Liamshe tu. Kuna tofauti kubwa kati ya kulirejesha gari lilivyokuwa siku lilipotoka dukani na kulifanya litembee kwa usalama likiwa na makovu yake. Kazi ya kwanza ni ya miaka na humeza akiba ya nyumba. Ya pili ni ya wiki chache, na ikikamilika utakuwa na gari unaloweza kuliendesha hadi kwa shangazi Jumapili, na hapo ndipo utakapojua kwa hakika kama unalitaka.

Kuliamsha kuna utaratibu wake, na pupa ya siku ya kwanza huweza kuvunja kilichodumu miaka 40. Usiunganishe betri ukapiga stata. Toa plagi zote, mimina oili kidogo katika kila silinda, acha siku kadhaa ilainishe ringi zilizogandia. Kisha zungusha injini kwa mkono. Series na 504 zote zilikuja na tundu la hendeli mbele, na hiyo hendeli huenda bado iko nyuma ya kiti au stoo. Ikizunguka bila kukwama, mwaga oili yote utie mpya na filta mpya. Petroli iliyokaa miaka kwenye tangi imegeuka gundi inayonuka kama rangi, kwa hiyo imwage, safisha tangi, badilisha mipira ya mafuta yote kwa kuwa ile ya zamani hupasuka na kumwagia injini ya moto. Uwe na mtungi wa kuzimia moto karibu, kwa sababu panya hupenda kutafuna nyaya za magari yaliyolala.

Breki hazina mjadala. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, na unyevu ule huotesha kutu ndani ya masta silinda na silinda za magurudumu. Badilisha mipira yote na mafuta yote, hata kama kanyagio linaonekana kushika. Matairi nayo husingizia uzima. Tazama ubavuni baada ya herufi DOT: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, kwa mfano 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya 2000. Kashata zake zinaweza kuwa nzuri kabisa na bado likapasuka ukiwa kwenye mteremko wa Mai Mahiu. Mimi tairi lililopita miaka 10 siendi nalo barabara kuu.

Kama ni gari la Kiingereza la miaka ya 50 au 60, Morris Minor kwa mfano, kumbuka kwamba liliundwa kunywa petroli yenye risasi, ambayo iliondolewa nchi za kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Risasi ile ilikuwa ikilinda vikalio vya vali. Bila hiyo, injini yenye hedi ya chuma cha kusubu ikikimbizwa sana, vali huzama polepole hadi nguvu inapungua. Dawa ni kutia vikalio vigumu siku hedi itakapofunguliwa. Kwa mwendo wa taratibu wa mjini, hakuna haja ya kuifungua kwa ajili hiyo peke yake.

Baada ya hapo endesha. Endesha mwezi au miwili, karibu na nyumbani, ukiangalia geji ya joto. Utajifunza mambo ambayo hakuna kikao cha familia kingeyajibu. Wapo wanaogundua kwamba walikuwa wanampenda baba, si gari. Usukani mzito, joto la ndani, harufu ya petroli, vyote vinawachosha kabla ya kufika mjini. Hakuna aibu katika hilo, na mtu wa namna hiyo auze kwa moyo mweupe. Wapo wengine, mara nyingi wasiotarajiwa, kama binti mdogo au mjukuu, wanaoushika usukani na hawataki kushuka. Gari la zamani linahitaji mtu, si kamati. Ndugu watano wakilimiliki pamoja, hakuna atakayebadilisha oili.

Akipatikana mtu huyo, familia imuuzie. Nasema imuuzie, si imwachie. Gari halikatwi vipande, lakini thamani yake hugawanyika. Madeni ya marehemu na gharama za mazishi zikishaondolewa, mwite mthamini asiye ndugu wa yeyote, gari lipewe bei kama lilivyo leo, na anayelitaka awalipe wenzake mafungu yao au akubali lihesabiwe ndani ya fungu lake. Kwa Waislamu mafungu yanajulikana na sulhu baina ya warithi inaruhusiwa. Kwa wengine, makubaliano yaandikwe na wote watie saini. Anayepewa kwa huruma hulaumiwa siku atakapopaka rangi mpya, na hulaumiwa zaidi siku atakapouza.

Pesa. Kazi ya bodi na rangi ikifanywa ipasavyo hula zaidi ya injini, na vitu vidogo vya urembo hukawiza kuliko vyote. Spea za kuendeshea 504 bado hupatikana, kwa sababu gari hili lilikuwa kila mahali. Lilizinduliwa Ufaransa 1968, Kenya ikaliunganisha nchini hadi miaka ya 2000, na yale mawagoni yake ya viti vya safu tatu ndiyo yaliyobeba abiria kati ya Nairobi na miji ya Bonde la Ufa kwa miaka mingi. Uliza Kirinyaga Road, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, utapata ringi, klachi na bushi. Lakini taa za mbele zile zenye pembe zikiwa nzima, dashibodi isiyopasuka, bampa ya kromu isiyopinda, hivyo unaweza kuvitafuta mwaka mzima. Kwa hiyo kila kilichoko kwenye gari, hata kimevunjika, usikubali kitupwe. Makadirio ya fundi yawe ya maandishi, kipande kwa kipande, na wewe uongeze nusu juu yake kabla ya kujiuliza kama unaweza. Lipa kazi iliyokamilika, usilipe kazi iliyoahidiwa.

Na usitengeneze kwa matumaini ya faida. 504 ya kawaida ya milango minne, hata ikirejeshwa kwa ufundi wa hali ya juu, mara nyingi hairudishi ulichoingiza, kwa kuwa ziliundwa nyingi. Land Rover ya Series I, ya kati ya 1948 na 1958, ina wanaoitafuta duniani kote, na hesabu yake ni nyingine. Kinachopandisha thamani ya gari lolote ni hadithi yenye ushahidi. Familia nyingi husema gari lao lilikimbia Safari Rally. Ni kweli kwamba Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, na Ove Andersson akashinda 1975 kwa 504, ndiyo sababu baba zetu wengi walizitamani. Ila gari kufanana na la bingwa si kuwa la bingwa. Tafuta picha yenye namba ya mashindano na namba ya usajili zikionekana, karatasi za kujiandikisha, risiti za gereji. Kabrasha la risiti za huduma lililotunzwa na mzee mwenye mpangilio linaweza kumshawishi mnunuzi kuliko rangi mpya.

Kuhusu rangi, nina msimamo. Kama ya zamani imefifia lakini bado imeshika bati, iache. Gari hupakwa rangi mara nyingi, ya kiwandani ni mara moja tu. Kuhusu kutia injini ya Toyota kwenye Land Rover ya zamani, jambo lililozoeleka sana kwetu, sitamkataza mkulima wa Mbulu anayehitaji gari lifike gulioni. Lakini anayetaka siku moja kulipeleka Concours d'Elegance, mashindano ya Nairobi yaliyoanza 1970 ambako waamuzi hukagua hadi chini ya gari, au kumuuzia mkusanyaji, atunze injini ya awali hata ikiwa imekufa. Ipakwe grisi, ifunikwe, iwekwe stoo, na namba ya injini mpya isajiliwe.

Ukiamua kuuza, uza gari zima likiwa linawaka. Kuliamsha kabla ya kuuza kwa kawaida hulipa gharama yake, kulipaka rangi kabla ya kuuza hakulipi, tena humtia mnunuzi shaka ya kilichofichwa. Onyesha kutu yote kwa picha. Mnunuzi wa magari ya zamani anajua pa kutazama, na akigundua moja uliloficha hataamini jingine lolote. Pita kwenye klabu za wenye magari haya na kwa mafundi wazee kabla ya kumsikiliza dalali wa kona, maana dalali huuza 504 kwa bei ya gari kuukuu na mwenye kulipenda hununua kwa bei nyingine. Akija mnunuzi wa ng'ambo, familia ijue kwamba kuondoka huko ni kwa kudumu: kiwango cha magari cha Kenya, KS 1515, hakiruhusu gari lililopita miaka minane tangu usajili wa kwanza kuingizwa Kenya, kwa hiyo mjukuu akilitaka baadaye hataweza tu kulinunua alirudishe. Logibuku au kadi isitoke mkononi kabla pesa hazijaonekana benki, na gari lisitoke uani kabla uhamisho wa jina haujaanza, kwa sababu ajali ya kesho itatafuta jina lililoandikwa.

Mkishindwa kukubaliana, ahirisheni, lakini kwa tarehe. Andikeni kwenye muhtasari wa kikao kwamba gari litakaa mwaka mmoja, liko kwa nani, nani ana funguo, kila mmoja atachangia kiasi gani kwa mwezi kulitunza, na kwamba hakuna kitakachong'olewa. Kama limeshaamshwa, mara moja kila wiki mbili injini iwashwe hadi ipate joto kamili na gari lisogezwe mbele na nyuma ili breki zisigandie. Mwaka ukiisha na michango imekoma mwezi wa pili, liuzeni lingali zima.